Mhariri, sio kila shavu likivimba ni matubwitubwi

Mhariri, salaam kutoka huku Unyanyembe. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nauza duka la dawa muhimu hapa Isevya, Tabora mjini, sio daktari na wala sijiiti daktari ingawa wateja wananiita hivyo hivyo na nikikataa wanacheka. Nawaandikia kwasababu ukurasa wenu wa afya umeshatusomesha presha, kisukari, mawe ya figo na mpaka vitambi, na tunashukuru, lakini tezi za mate sijaona mkizigusa na huku mtaani ndio zinatupa kizaazaa. Kwetu hapa mtu akivimba popote kati ya sikio na kidevu jina ni moja tu, matubwitubwi, awe mtoto wa chekechea awe babu mwenye wajukuu, na tiba ni zile zile tatu: masizi ya sufuria, amoksilini za dukani, au wembe. Masizi hayana neno sana ukiacha kuchafua foronya. Amoksilini nitazifikia. Huo wembe ndio umenikalisha chini niandike.

Kuna mzee mmoja huwa anakuja kununua vidonge vyake vya presha. Alikuwa na kigoroli kigumu mbele ya sikio la kushoto, hakimuumi, kimekaa miaka, watu wakamwambia mzee hiyo ni damu mbaya imeganda itolewe. Akaenda kwa mtaalamu mmoja huko vijijini akachanjwa akapakwa dawa ya unga. Kidonda kilipona, kigoroli kikabaki pale pale, ila sasa jicho la upande ule halifumbi vizuri, mdomo umevutika upande wa pili, na akila, hii nimeiona kwa macho yangu tukiwa msibani, anatafuna nyama tu mara tone linatokeza kwenye lile kovu, halafu jingine, halafu jingine, yanateremka mpaka kwenye kola ya kanzu, mzee anafuta na leso anaendelea kula na waliokaa naye sinia moja wanajifanya hawaoni. Sio jasho na sio usaha. Ni mate, yanatokea shavuni badala ya kinywani.

Sasa nieleze nilivyoelewa mimi, maana nilimuuliza daktari wa meno mpaka nadhani alinichoka. Binadamu ana tezi kubwa za mate jozi tatu. Iliyo kubwa kuliko zote imelala mbele ya sikio ikashuka mpaka kwenye kona ya taya, ya pili iko chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi, halafu kuna vitezi vidogo mamia kwa mamia kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Zote kwa pamoja zinatoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku na wewe unameza tu hujui. Ile ya mbele ya sikio ina jambo moja ambalo kila mtu Tabora angelijua wembe ungeisha kazi: ndani yake inapita neva ya uso, ndio inayoamrisha jicho kufumba na mdomo kusogea, inaingia ikiwa moja inatoka imegawanyika matawi matano, la paji, la jicho, la shavu, la mdomo na la shingo. Bingwa akifanya upasuaji pale kazi yake ya kwanza ni kuitafuta hiyo neva ailinde, ndio aguse uvimbe, na anaweza kukaa chumba cha upasuaji masaa. Mwenye wembe yeye anachanja tu kama anafungua mfuko wa mbolea.

Na tezi hiyo ina mrija wake, unapita juu ya msuli wa shavu unaenda kutoboka ndani ya mdomo mkabala na gego la pili la juu, ukipeleka ncha ya ulimi pale utakuta kinundu kidogo ndio mlango wenyewe. Aliyeugundua ni kijana wa Denmark anaitwa Niels Stensen, mwaka 1660, akiwa mwanafunzi kule Amsterdam anapasua kichwa cha kondoo. Kwahiyo nyie mnaojipanga asubuhi kwenye supu ya kichwa mnautafuna huo mrija bila kujua historia yake. Mrija huo ukikatwa na kovu likafunga vibaya, mate hayakomi, yanatafuta pa kutokea, ndio yaliyomkuta mzee wetu.

Kigoroli chenyewe nacho mpaka leo hakijapimwa. Uvimbe wa namna hiyo kwenye tezi ya mbele ya sikio, usiouma, unaokua taratibu, kama 8 kati ya 10 sio saratani. Watu wakisikia hivyo wanapumua na kwenda zao, hapana, huo usio saratani nao unatakiwa utolewe kwasababu aina ile inayoonekana zaidi ikiachwa miaka mingi inaweza kugeuka. Na hautolewi kwa kukwangua, unatolewa pamoja na nyama kidogo ya pembeni, ukikwanguliwa unabakiza mbegu na ukirudi unarudi vipande vipande, upasuaji wa pili unakuwa mgumu kuliko wa kwanza. Halafu kuna kanuni niliambiwa nikaishangaa, kwamba tezi ikiwa ndogo ndivyo hatari inavyozidi, uvimbe kwenye tezi ya chini ya taya karibu nusu ni saratani, na kwenye ile ya chini ya ulimi ni wengi zaidi. Dalili za kukimbia nazo hospitali ni uvimbe uliokaa kimya ukaanza kukua haraka, kuuma, kuganda usisogee ukiusukuma, matezi ya shingo kutokeza, au uso kulegea upande mmoja wakati hakuna aliyekugusa na wembe. Wanavuta chembe chembe kwa sindano nyembamba wanapima, wanapiga ultrasaundi, kama ni saratani ni upasuaji na mara nyingine mionzi, ambayo kwa sisi wa huku ni safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza au Ocean Road, Dar. Ni mbali na ni gharama najua, lakini pa kuanzia ni hapa hapa Tabora, hospitali ya Kitete kwenye kinywa na meno, wao ndio wanaandika rufaa.

Nije kwenye mawe maana hili ndilo naliona zaidi dukani na ndilo linalonifurahisha kulieleza. Kuna kijana wa bodaboda anapaki hapa jirani, anakaa juani kutwa na mwezi wa kumi hapa Tabora mnaujua wenyewe, jua linachoma mpaka lami inanata, na maji anakunywa akikumbuka. Kila akila chini ya taya upande wa kulia panavimba, panauma, baada ya saa moja hivi pananywea kama hakuna kitu. Ameshameza amoksilini dozi juu ya dozi, duka hili na lile, na kila akimaliza dozi anasema imesaidia, kwasababu ulikuwa umenywea wenyewe tu. Siku hiyo nikamkalisha kwenye benchi nikampa kipande cha embe bichi lenye chumvi, nikamwambia tafuna polepole tuone. Haikuchukua muda, tunaangalia hivi, ngozi ya chini ya taya ikaanza kutuna mpaka ikang'aa, kijana anashika taya anasema dada si unaona si unaona. Nikamwambia naona, hilo ni jiwe kaka, nenda kwa daktari wa meno na uache kununua amoksilini, hata kwangu.

Mawe ya mate yanatokea zaidi kwenye tezi ya chini ya taya, karibu 80 kwa mia ya yote. Sababu ni kwamba mate ya pale ni mazito na yana chokaa nyingi, halafu mrija wake ni mrefu, kama sentimita 5, na unapanda kwenda juu, yaani mate yanapandishwa mlima. Mtu akiwa hanywi maji ya kutosha mate yanazidi kuwa mazito, kichembe kinaganda, kingine kinajishika, ndio jiwe. Ukiona chakula au hata ukinusa ndimu tezi inamwaga mate, njia imezibwa, tezi inatuna. Unaweza kujiangalia mwenyewe nyumbani, chukua kioo na tochi ya simu, inua ulimi juu, katikati kuna kile kikamba cha ulimi na kando yake kuna vitundu viwili vidogo. Minya taratibu chini ya taya. Pakiwa pazima utaona mate maangavu yanachuruzika, pakiwa na jiwe upande huo utakuta pakavu, au unatoka usaha. Wengine ukipitisha kidole chini ya ulimi unaligusa kabisa limekaa pale, gumu.

Jiwe likiwa dogo linaweza kutoka lenyewe na hapa tiba ni rahisi mpaka watu hawaiamini: kunywa maji mengi, kitambaa cha maji ya moto, kukanda tezi kwa kidole kutoka nyuma kuja mbele, na kunyonya vitu vichachu, ndimu, ukwaju, embe bichi, ili mate yalisukume. Likigoma na liko karibu na mlango daktari anapiga ganzi anachana kidogo ndani ya mdomo analitoa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Likiwa limejificha ndani ya tezi na linasumbua mara kwa mara ndio wanafikiria kuitoa tezi yenyewe, na ukitolewa moja zilizobaki zinatosha. Nchi zilizoendelea wana kamera nyembamba wanaipitisha kwenye mrija wanalivuta jiwe bila kukata popote, sisi tuendelee na ganzi yetu sio mbaya.

Sasa matubwitubwi wenyewe, au perema kama wanavyosema pwani. Hawa ni virusi na hakuna antibayotiki duniani inayotibu virusi, nasema hivi nikiwa mimi ndio nauza antibayotiki. Mtoto anaambukizwa kwa mate na mafua, inakaa ndani kama siku 16 mpaka 18 kabla haijajitokeza, inaanza homa na uchovu halafu shavu moja linajaa mpaka ndewe ya sikio inainuka, siku mbili tatu na la pili linafuata. Tiba ni kupumzika, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, maji, uji na vyakula laini. Aspirini mtoto asipewe. Na tofauti na jiwe, hapa ndimu ni adui, mtoto mwenye matubwitubwi ukimpa kitu kichachu atalia kwasababu tezi zenyewe ndio zina moto. Akae nyumbani asiende shule siku 5 toka shavu livimbe, hii walimu wangu wa Tabora mnisaidie kuisema, maana nimeona mtoto anapakwa masizi asubuhi halafu saa moja yuko darasani, masizi na yote, anagawia wenzake.

Mabinti na wavulana waliobalehe nao wanaugua, na kwa wavulana ndio kuna kile wazee wanachokinong'ona, korodani kuvimba. Ni kweli inatokea, pengine kwa mmoja kati ya watatu au wanne hivi waliobalehe, inauma sana, mara nyingi upande mmoja tu, ila hiyo ya kwamba ndio basi hutazaa ni nadra, msiwatishe vijana mpaka wakaficha. Kinachotakiwa ni aonekane hospitali mapema. Vivyo hivyo kichwa kikimuuma mtoto sana na shingo ikakaza, akitapika mfululizo, tumbo likimkata, au akisema sikio moja halisikii, huyo sio wa kuzungushwa mti, ni wa kubebwa.

Akina mama wananiuliza, mbona mwanangu kachanjwa zote na kadi hii hapa halafu kapata matubwitubwi? Jibu ni kwamba kwenye ratiba yetu ya serikali mtoto wa miezi 9 na 18 anachomwa surua na rubela, ambayo ilianza kwa pamoja 2014, matubwitubwi hayamo. Chanjo yake ipo siku nyingi sana. Mwanasayansi wa Marekani, Maurice Hilleman, mwaka 1963 binti yake Jeryl Lynn alipatwa nayo, baba akamchukua sampuli ya kooni hapo hapo nyumbani akapeleka maabara, na 1967 chanjo ikaidhinishwa, mpaka leo virusi vya chanjo hiyo vinaitwa kwa jina la yule mtoto. Mimi sisemi serikali imelala, fedha ya chanjo ina vipaumbele na surua inaua kuliko hii, ila ingependeza waandishi wenu wamuulize mtu wa wizara suala hili limefikia wapi, ili sisi wa dukani tuwe na majibu ya kuwapa akina mama.

Kuna uvimbe mwingine wa watoto ambao hata sio wa tezi za mate lakini unaitwa matubwitubwi na unapotezewa wiki zake za maana. Mtoto wa miaka minne, sita, saba, taya linavimba na linakua kwa siku, leo sio la jana, magego yanalegea yenyewe, jicho pengine linatokeza. Hiyo ni saratani aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Kampala, aliandika mwaka 1958, na inapatikana zaidi ukanda wenye malaria nyingi, na sisi Tabora kwa malaria hatujambo. Inakua haraka sana lakini pia inasikia dawa vizuri sana ikiwahiwa, dawa za mishipani sio kisu. Matubwitubwi ndani ya wiki moja au siku kumi yanaanza kuisha. Shavu la mtoto likifika wiki ya pili linapanda badala ya kushuka, mama funga mtoto mgongoni uende, usisubiri baba atoke kwenye tumbaku.

Sasa amoksilini. Kuna wakati tezi inaingiliwa na bakteria kweli kweli, hasa mzee aliyelala kitandani muda mrefu, mtu aliyetoka upasuaji, mwenye kisukari, au aliyekaukiwa maji. Upande mmoja unavimba unakuwa mwekundu, homa, ukibonyeza usaha unatokea kwenye ule mlango wa mrija. Huyo ndiye anahitaji antibayotiki, lakini bakteria wanaohusika mara nyingi wana uwezo wa kuivunja amoksilini ya kawaida, kwahiyo kameza bure na siku zimeenda. Anahitaji dawa nyingine aandikiwe, maji mengi hata dripu, na kama limeshakuwa jipu lifunguliwe na anayejua ile neva iko wapi. Kwahiyo wenzangu wa maduka ya dawa muhimu, mtu akija na shavu, tusimpimie vidonge kwa macho.

Mengine nipite haraka. Tezi za pande zote mbili kujaa polepole bila maumivu inaweza kuwa moja ya dalili za VVU, hasa kwa watoto, na hili nalisema kwa uangalifu sitaki mtu aanze kukagua mashavu ya jirani, dawa yake ni kupima na kuanza ARV na kwa wengi zinanywea. Pombe kali ya muda mrefu nayo inajaza mashavu, kuna mtu hapa mtaani wanamsifia amenawiri kumbe ni gongo. Kijivimbe laini cha rangi ya bluu bluu chini ya ulimi ni mate yaliyovujia ndani, ukikitumbua na sindano kinarudi, hospitali wanakitoa pamoja na kitezi chake.

Halafu kinywa kukauka. Hapa mara nyingi mchawi ni dawa tunazouza wenyewe, piritoni, amitriptilini, dawa za kukojoza za presha, na pia kisukari kisichodhibitiwa. Mate yakipungua meno yanaoza haraka na fangasi wa mdomoni wanakaribishwa. Usiache dawa zako, rudi kwa aliyekuandikia abadilishe au apunguze, na kwa sasa kunywa maji kidogo kidogo mara kwa mara, bigijii isiyo na sukari, sigara na ugoro weka pembeni. Mwanamke mtu mzima ambaye kinywa kimekauka, macho yanawasha anahisi yana mchanga, na viungo vinauma, amwambie daktari hayo matatu kwa pamoja kwasababu kuna ugonjwa wa kinga ya mwili kuzishambulia tezi, ulielezwa na Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Sweden, mwaka 1933, na hapa kwetu akina mama wanatibiwa macho kivyake na viungo kivyake miaka.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Mtafuteni daktari wa kinywa na meno, huku Tabora au Kigoma au popote, mpeni ukurasa aeleze haya kuliko mimi, na mchore picha inayoonyesha hiyo neva ya uso inapopita, mchoro mkubwa ambao naweza kuukata nikaubandika dukani, kwasababu wateja wangu wengi barua kama hii hawatasoma mpaka mwisho ila picha wataiangalia wakisubiri chenji. Najua nimeandika ndefu na nyie nafasi yenu ni finyu. Kama ni kupunguza, toeni ya Stensen na kondoo wake, toeni hata ya bigijii. Ya mzee na wembe naomba ibaki.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora